Karavani Isiyovuja

Fidélie Kisimba alijifunza kuziba karavani akiwa na miaka arobaini na tisa, baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba kumdondokea mama yake usoni akiwa amelala. Kabla ya hapo alikuwa mshonaji tu. Alishona mapazia, mashuka na sare za kwaya pale Musonoi, katika nyumba ya matofali aliyoijenga marehemu mume wake, na wateja walimfuata hata kutoka katikati ya mji wa Kolwezi.

Nyumba ile ilibomolewa mwaka 2020, uzio wa mgodi uliposogezwa. Watu wengi wa mtaa walipokea fidia wakatawanyika. Familia tatu zilikataa, zikasema zinataka nyumba kwa nyumba. Moja ilikuwa ya Fidélie na mama yake, bibi Tshibola. Ya pili ilikuwa ya mzee Gracien, mgane aliyekuwa akiuza makaa. Ya tatu ilikuwa ya Kabemba, karani wa maegesho ya malori kule Fungurume, mwenye mke na watoto watano. Kampuni ya mgodi iliwaambia wasubiri miezi sita. Ikawaletea karavani tatu kuukuu, vile vyumba vya bati vyenye magurudumu ambavyo wapima ardhi wake walikuwa wakilala porini, ikaziegesha kwenye kiwanja kando ya barabara ya vumbi.

Alihitajika mtu wa kusema kwa niaba yao, wakamchagua Kabemba. Hakuna aliyefikiria mwingine. Alijua Kifaransa cha karatasi na alijua kuongea na wakubwa bila kutetemeka. Kwa Fidélie alikuwa zaidi ya hapo. Baba zao walitoka Manono kwa treni moja kuja kutafuta kazi, na wao wawili walikula kwenye sahani moja utotoni. Siku ya ndoa ya Fidélie, baba yake akiwa ameshafariki, Kabemba ndiye aliyemshika mkono kumwingiza kanisani. Fidélie alimwita yaya, kama dada anavyomwita kaka yake mkubwa.

Miezi miwili baadaye alikuja mhandisi wa kampuni na daftari. Alimkuta bibi Tshibola, miaka themanini na mbili, ameketi nje kwenye kiti cha magurudumu, miguu imekufa ganzi. Alimwamkia, akapima upana wa kile kiti, akauliza kama anaweza kupanda ngazi. Fidélie akasema hawezi hata moja. Mhandisi akaandika, kisha akasema mbele ya wote kwamba nyumba ya kwanza kukamilika itakuwa ya huyu mama, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote.

Miezi sita ikapita. Oktoba mvua ikanyesha, na karavani ya Fidélie ikavuja kwenye pembe zote nne. Msimu mzima alihamisha godoro la mama yake kutoka ukuta hadi ukuta, akatandaza mabeseni, na mbao za ndani zikaanza kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bibi Tshibola akapata kikohozi kisichoondoka.

Kiangazi kilichofuata, mwezi wa Julai, Kabemba alikuja amebeba sanduku. Ndani mlikuwa na mirija ya mastiki, yaani ile gundi ya kuzibia, na mizingo ya utepe mweusi unaonata.

"Dada, nimekuombea hii kwa kampuni," akasema. "Nyumba zinachelewa kidogo. Lakini mama hatalowana tena. Kuya nikuonyeshe, niliona mafundi ba magari namna banafanyaka."

Wakafanya pembe ya kwanza pamoja. Karavani imefunikwa kwa mabati mepesi, na pale bati moja linapokutana na jingine kuna ukanda mwembamba wa alumini uliokazwa kwa skrubu. Ukanda ule ndio unaofunika kiungo. Gundi iliyo chini yake ikikauka na kupasuka, maji hupenya kwenye matundu ya skrubu, yakashuka ndani ya ukuta taratibu, na mwenye nyumba hajui mpaka ukuta umeoza. Kabemba alitaka kupaka mastiki juu ya ukanda wote, juu na chini, kama mtu anayepaka siagi. Fidélie aliangalia, akafikiri kama mshonaji.

"Yaya, kiraka juu ya mushono mubovu haikamate," akasema. "Inafaa kufumua kwanza."

Akafumua. Alitoa skrubu moja moja na kuziweka kwenye kopo. Akainua ukanda kwa kipande cha mti ili asikwaruze bati. Akakwangua gundi ya zamani mpaka chuma kikaonekana, akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta tena kwa kikavu, kwa sababu vumbi la barabara ya mgodi hutua kila dakika na gundi haishiki vumbi. Akabandika utepe mweusi, akarudisha ukanda, akakaza skrubu akianzia katikati kwenda pembeni, kama mtu anayebana kitambaa kwa pini. Skrubu zilizoota kutu akazitupa na kuweka nyingine nene kidogo. Mastiki akaipitisha ukingo wa juu na wa mbavuni peke yake. Wa chini akauacha wazi, ili tone likijipenyeza lipate mlango wa kutokea. Hili hakufundishwa na mtu. Aliligundua kwenye dirisha ambalo Kabemba alikuwa ameliziba pande zote nne, likabaki na maji ndani kama chupa.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Alipomaliza, alimwaga ndoo ishirini za maji, akianzia chini kwenda juu, huku mama yake akiwa ndani anapapasa kuta.

"Kavu," bibi Tshibola akaita. "Huku pia kavu."

Siku hiyo hiyo Kabemba alileta karatasi.

"Hii ni ya kuonyesha kama tumepokea mastiki," akasema. "Weka sinyatire hapa chini."

Ilikuwa ya Kifaransa, mistari kumi hivi. Fidélie alifika darasa la sita na alisoma Kiswahili vizuri. Kifaransa cha ofisi kilimchosha. Alifuta mikono, akaandika jina lake kwa herufi zake kubwa za duara.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi wa kampuni na kifaa kidogo cha kupima unyevu. Akakigusisha kwenye kila pembe, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaandika kwamba hajawahi kuona karavani ya zamani iliyo kavu namna hiyo. Fidélie alifurahi. Tangu nyumba yake ibomolewe hakuwa amesifiwa kwa lolote.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mke wa Kabemba, Marie, aliondoka na watoto. Kabemba alieleza kwamba amewapeleka Dilolo kwa mama mkwe, kwa sababu ya joto la karavani. Yeye mwenyewe alionekana mara chache, akisema kazi ya Fungurume inambana, analala huko huko. Lakini kila Julai alifika na sanduku lake, na kila Julai alikuja na karatasi. Fidélie na Gracien walipouliza habari za nyumba, jibu lilikuwa lile lile: msingi umechimbwa, saruji imekwama mpakani, subirini kidogo. Fidélie aliamini. Alimwonea hata huruma, mwanamume anayeishi mbali na watoto wake kwa ajili ya kuwasubiria nyumba wenzake.

Bibi Tshibola alifariki Februari 2023. Kifua kilikuwa kimechoka tangu ule msimu wa mabeseni. Wiki zake za mwisho alizungumzia jambo moja, kwamba angependa kufia ndani ya nyumba yenye kuta. Haikuwezekana. Karavani haikutosha hata kulaza maiti na kuketisha waombolezaji, kwa hiyo matanga yalikaa kiwanjani, chini ya turubai, malori yakipita na kuwamwagia vumbi. Kabemba alisimamia kila kitu, akaeleza kwamba Marie hawezi kufika kutoka Dilolo. Alitafuta viti, alitafuta jeneza, alibeba mwenyewe upande wa kichwa. Kaburini alilia kwa sauti mpaka wanawake wakamshika mabega. Fidélie alisahau mengi ya siku ile, ila hilo hakulisahau: namna kaka yake alivyomlilia mama yake.

Agosti 2024, sanduku la Kabemba likiwa limechelewa, alikuwa amefika nusu ya kazi ya kuziba kwa mabaki ya mwaka uliotangulia, mwaka wa nne sasa, mteja mpya alipomtafuta. Alikuwa mwalimu anayeitwa Huguette, aliyepanga nyumba kwenye mtaa mpya nje ya mji, barabara ya Fungurume. Alitaka mapazia ya madirisha saba na hakujiamini kupima mwenyewe. Fidélie akapanda pikipiki na futi yake ya kushonea.

Alikuwa kwenye dirisha la tatu, la upande wa jirani, alipomwona mwanamke akianika nguo. Alimtazama kwa muda kabla ya kukubali anachokiona. Marie alikuwa amenenepa kidogo. Naye akamwona, akaacha nguo kwenye beseni, akaja mbio mikono ikichuruzika maji.

"Mama Fidélie," akasema, akamkumbatia kupitia dirishani. "Leo njo umekumbuka kuya kuona nyumba yenye mulituachia?"

Marie akaendelea kuongea, uso umejaa furaha ya kweli.

"Nilikuwa ninaulizaka bwana kila siku, mama Fidélie atakuya siku gani? Anasema hautake, juu mama alikatala kutoka karibu ya kanisa lake, na karavani yenu iko muzuri sana kupita nyumba. Hata msiba ya mama aliniambia nyuma ya kuzika, akasema haupende kuonana na batu. Mi na batoto tunakuombeaka Mungu. Kuya uingie, nikupe maji."

Akaenda. Miguu ilimpeleka. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, imepakwa rangi ya maziwa. Mbele ya mlango hapakuwa na ngazi. Palikuwa na mteremko wa zege, mpana, umesawazishwa vizuri, na mtoto mdogo wa Marie alikuwa akishuka nao kwa baiskeli. Mlango wenyewe ulikuwa mpana kuliko milango ya jirani. Fidélie alisimama juu ya mteremko akafungua futi yake, akapima. Sentimita tisini na tano. Marie alidhani anapima pazia la mlangoni.

"Mulihamia lini hapa?" Fidélie akauliza.

"Tunafunga myaka tatu Oktoba hii."

Akanywa maji yote, akashukuru. Akarudi kwa Huguette akamalizia madirisha manne yaliyobaki, akaandika vipimo, akaaga. Huguette alikuja kusema baadaye kwamba hakugundua chochote, ila mshonaji aliandika dirisha moja mara mbili.

Asubuhi yake alikwenda ofisi ya kampuni inayoshughulika na waliohamishwa. Aliyempokea alikuwa karani kijana aitwaye Chancelle, mpya kazini. Akatafuta jalada, akalifungua mezani. Mlikuwa na karatasi tatu, na chini ya kila moja, zile herufi kubwa za duara.

"Unisomee kwa Kiswahili," Fidélie akasema. "Polepole."

Chancelle akasoma. Mimi Kisimba Fidélie, kwa hiari yangu na ya mama yangu, nathibitisha kwamba makazi ya muda niliyopewa yako katika hali nzuri na hayavuji. Naomba kuendelea kukaa humo, na zamu yangu ya nyumba naiachia familia ya Kabemba. Karatasi ya pili na ya tatu zilirudia ombi la kubaki. Nyuma ya kila moja kulikuwa na ripoti ya mkaguzi: kuta kavu, pembe kavu, madirisha kavu, mkaaji anatunza vizuri sana.

"Mama, hii haikuwa vile ulitaka?" Chancelle akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilitia sinyatire ya mastiki," Fidélie akasema.

Akarudi kwa miguu ingawa ni mbali. Alimweleza Gracien kila kitu, wameketi kwenye magunia ya makaa. Mzee akasema yeye naye alipewa karatasi za mastiki, ingawa alama yake ni ya kidole gumba.

"Fanya hivi," Gracien akasema. "Toa zile kanda zote. Acha mvua iingie. Mukaguzi akikuta mbao zimeoza, ile karatasi yao itakuwa bongo, uongo mutupu."

Neno lile lilimwingia. Siku iliyofuata alipanda juu ya meza na bisibisi, akafungua ukanda wa pembe ya nyuma, ule alioufanya kwanza kabisa pamoja na Kabemba. Utepe ulikuwa bado mlaini. Chini yake mbao ilikuwa kavu, nyeupe, kama iliyorandwa jana. Alikaa akiitazama. Aliwaza kwamba kama angekuwa fundi mbaya, kama angeacha pembe moja tu ioze, labda mama yake angeitwa kwenye nyumba yake kabla ya kufa. Kila ndoo aliyomwaga na kila skrubu aliyokaza ilikuwa ushahidi wa Kabemba. Akalia pale juu ya meza, kwa mara ya kwanza tangu kwa Marie.

Kisha akarudisha ukanda na kuukaza. Hakuwa na namna. Mvua ilikuwa imebakiza wiki sita hivi, na kitanda kilichokuwa humo kilikuwa chake. Isitoshe, hakutaka ofisi iseme kwamba mama huyu alibomoa mwenyewe halafu akaja kulalamika.

Kabemba alitokea Jumamosi, mchana, na sanduku begani. Marie hakuwa amemwambia. Kabemba alikuwa kazini Fungurume wiki nzima, akaja kutoka huko moja kwa moja. Akaweka sanduku mlangoni, akatoa karatasi mfukoni.

"Jambo dada. Naona umefika mbali mwaka huu."

"Nilienda kupima mapazia barabara ya Fungurume," Fidélie akasema. "Marie alinipa maji. Mulango wenu uko na sentimita tisini na tano."

Kabemba aliketi kwenye kigogo. Hakukana. Alitazama mikono yake, akaikunja karatasi, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

"Mama alikuwa karibu ya kufa," akasema mwishowe. "Mi nilikuwa na batoto tano mu karavani. Nilihesabu. Nikasema, yeye atakaa mule mwaka moja, ao mbili. Batoto bangu batakaa maisha."

"Ungeniomba."

"Ungekatala."

"Labda. Labda singekatala. Wewe ungeniomba, yaya, ningekaa chini na mama tukaongea. Haukutupa hata nafasi ya kukatala."

"Nilikuletea mastiki kila mwaka. Sikukuacha ulowane."

Fidélie alimtazama. Baadaye alimwambia Gracien kwamba hapo ndipo alipoumia zaidi kuliko ofisini, kwa sababu aliona Kabemba anaamini anachosema. Kwake yeye, masanduku yale yalikuwa wema.

"Ulilia kwenye kaburi," akasema.

"Nililia kweli. Ule alikuwa mama yangu pia."

"Chukua sanduku yako."

"Dada, mvua inakuya, haujamaliza upande wa..."

"Chukua, Kabemba."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwita kwa jina. Alibeba sanduku akaondoka. Upande uliobaki Fidélie aliuziba kwa mastiki aliyonunua mwenyewe sokoni, mirija miwili, na ilimtosha.

Marie alikuja juma lililofuata, macho yamevimba. Alikuwa amelazimisha majibu nyumbani. Alisimama nje ya karavani bila kukubali kuketi.

"Sikujua," akasema. "Naapa mbele ya Mungu. Ukisema tutoke, tutatoka."

Fidélie alifikiria ile baiskeli juu ya zege.

"Na batoto mutaenda wapi?" akauliza.

Fidélie hakusema watoke, na hakusema wabaki. Alimsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa mgeni, wakaachana bila kushikana mikono.

Ofisini mambo yalikwenda kwa kusuasua. Wakubwa walisema sinyatire ni sinyatire. Chancelle alimsaidia kuandika malalamiko, Gracien akaweka kidole chake kama shahidi, na paroko akaongeza barua. Kabemba alipoitwa kuulizwa, alikiri. Hilo lilimshangaza kila mtu, Fidélie pia. Aliondolewa uwakilishi, lakini nyumba hakunyang'anywa, kwa kuwa, walisema, watoto wameshaandikishwa shule pale. Nyumba mbili zilizobaki zikajengwa hatimaye. Fidélie alihamia Juni 2025, Gracien mwezi uliofuata. Nyumba yake ni nzuri, ina paa la bati zito na ngazi tatu mlangoni. Anashonea kwenye chumba ambacho kingekuwa cha mama. Iko mitaa miwili kutoka kwa Kabemba.

Wanapopishana njiani, Kabemba humwamkia, naye huitikia, kwa sababu kukataa salamu ya mtu si malezi aliyolelewa. Zaidi ya hapo hawaongei.

Mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Fidélie alikwenda makaburini na jembe na mche wa maua. Alikuta kaburi la mama yake limepaliliwa nusu. Kabemba alikuwa amepiga magoti upande wa pili, shati limelowa jasho, anang'oa majani kwa mikono. Alimwona, akasimama.

"Ninafanyaka hii kila mwaka," akasema. "Hata mwaka jana. Unafika kila mara unakuta nimeshaondoka."

Fidélie alikumbuka kwamba mwaka jana alilikuta safi, akadhani ni wanawake wa parokia.

"Nakuomba usifike tena hapa," akasema.

"Dada..."

"Kwa mama yangu, usifike tena. Nyumba kaa nayo. Hapa ni pangu."

Alisema bila kupaza sauti, kwa kuwa watu wengine walikuwa wakisali jirani. Kabemba alijipangusa udongo magotini, akaokota kofia yake juu ya msalaba wa kaburi la pili, akashuka njia ya kuelekea barabarani. Fidélie alingoja mpaka amepotea nyuma ya miti. Ndipo akavua viatu, akachukua jembe, akaanza upya kulima kaburi lote, pamoja na ule upande uliokuwa umeshapaliliwa.